Tunda la Tunda: Dawa Iliyoshindwa na Swali Lililobaki

Mhadhara kwa walimu, wauguzi, wachimbaji na wazazi wa Punia, jimbo la Maniema



Mimi ni mwalimu wa biolojia. Sikuja na dawa, wala sikuja na mashine ya kuonyesha picha ukutani. Nimekuja na mfuko wa maharagwe. Humo nimehesabu 40 na kuyatia katika kikapu hiki: mekundu 20, meupe 20. Nitayafikia. Kwanza tuzungumze juu ya dawa iliyoshindwa, maana ilishindwa hapa hapa Maniema, na kushindwa kwake kumeifundisha dunia jambo ambalo sisi wenyewe bado hatujalidai.

Wengi wenu mnaijua Tunda, kule upande wa Kibombo. Sisi tuko kaskazini ya Kindu, wao wako kusini-magharibi. Katikati kuna mito, msitu na njia ambazo mwenye pikipiki peke yake ndiye awezaye kuzieleza, kwa sababu zimemwangusha. Hospitali ya Tunda ni ya mizizi ya misheni ya Kimetodisti, hospitali ya kijijini kama nyingi tunazozijua. Oktoba 2022, hospitali hiyo na ile ya Kole, katika jimbo jirani la Sankuru, zilianza kupokea wagonjwa wa ndui ya nyani katika jaribio la dawa. Huu ndio ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani, mwezi mmoja baadaye, liliupa jina jipya la mpox.

Jaribio lenyewe liliitwa PALM007. Mkisikia jina hilo mtadhani ni la Kizungu, la mnazi au mchikichi. Sivyo. Herufi hizo zimechotwa katika maneno matatu ya Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Jina lilizaliwa Kivu ya Kaskazini mwaka 2018, wakati wa Ebola, pale watafiti wa INRB, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoko Kinshasa, walipoungana na wenzao wa taasisi za afya za Marekani. Leo linaandikwa katika majarida makubwa ya tiba duniani, na msomaji wa Boston au Tokyo hulitamka bila kujua kwamba mama muuza sombe wa Punia angeweza kumfasiria.

Dawa iliyojaribiwa ni tecovirimat. Ilitengenezwa kwa ajili ya ndui ile ya zamani, ambayo dunia ilitangaza kuwa imeimaliza mwaka 1980. Sasa, utaijaribuje dawa kwa wagonjwa ambao hawapo tena? Waliijaribu kwa nyani na sungura waliopewa virusi vya jamaa moja na ndui, na kwa ushahidi huo Marekani iliikubali mwaka 2018. Kazi yake si ngumu kuielewa. Virusi vikishazaana ndani ya seli ya mwili, hujivika koti la nje ndipo vitoke kwenda kushambulia seli nyingine. Tecovirimat huzuia koti hilo lisivaliwe. Kwa wanyama ilifanya kazi vizuri sana. Mwaka 2022, mpox ilipotapakaa Ulaya na Marekani, madaktari wa huko waliwapa wagonjwa wao, na wengi walipona. Wengi waliamini kwamba dawa imepatikana.

Lakini wengi walipona kwa sababu ya dawa, au wangepona tu? Hapo ndipo maharagwe yanapoingia.

Nimemwomba kijana mmoja asogee hapa mbele. Tuseme maharagwe haya ni wagonjwa 40. Mekundu ni wale dhaifu: mtoto mwenye utapiamlo, mama mjamzito, mtu mwenye malaria juu ya mpox. Meupe ni wenye nguvu. Dawa tuliyo nayo inatosha watu 20 tu. Nimemwambia kijana: wewe ni muuguzi, chagua wa kuwapa. Amefanya nini? Mmeona wenyewe. Amechukua mekundu yote. Ni mtu mwenye huruma, amewapa dawa waliozidiwa. Sasa wakifa wengi upande wake, tutasema dawa inaua, kumbe amekusanya walioelekea kufa. Na kama ningemwita mfanyabiashara anayetaka kuiuza dawa hiyo sokoni, angechukua meupe yote. Wote wangepona, naye angepiga kelele kwamba dawa ni ya ajabu, kumbe walikuwa wazima nusu tangu mwanzo. Huruma inapotosha hesabu. Biashara nayo inapotosha hesabu.

Sasa amefunga macho, nimekitikisa kikapu, naye amechota 20. Tuhesabu pamoja: mekundu 9, meupe 11. Upande wa pili yamebaki mekundu 11 na meupe 9. Karibu sawa kwa sawa, na hakuna aliyepanga. Wakiwa wagonjwa 600 badala ya 40, pande mbili zitafanana zaidi bado: kwa umri, kwa udhaifu, kwa umbali waliotembea, hata kwa mambo tusiyoyajua na tusiyoweza kuyapima. Ikitokea tofauti kati ya pande hizo iliyo kubwa kuliko ile ya bahati, iliyoileta ni dawa. Hiyo ndiyo kura ya utafiti. Kikapu na macho yaliyofungwa vimewazidi akili maprofesa wengi.

Tunda na Kole walifanya hivyo hivyo. Wagonjwa 597, watoto kwa watu wazima, waliopimwa na kuthibitishwa, waligawanywa kwa kura. Upande mmoja ulipewa tecovirimat, upande wa pili plasebo, yaani vidonge vinavyofanana nayo lakini ndani havina dawa. Mgonjwa hakujua kameza kipi. Muuguzi hakujua kampa kipi. Kisha wakawa wanaviangalia vipele, siku baada ya siku: kipi bado kina maji, kipi kimefanya gamba, kipi gamba limeanguka. Siku iliyohesabiwa kuwa ya mwisho ni ile ambayo vipele vyote vimekauka au kubanduka na vidonda vya mdomoni vimefunga. Ni kazi ya subira, kazi ya kuinama juu ya mgongo wa mtoto anayelia na kuhesabu.

Agosti 2024 hesabu ilifunguliwa. Waliomeza dawa, kwa wastani wa katikati, vipele vyao viliisha kwa siku 7. Waliomeza vidonge vitupu, kwa siku 8. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba bahati peke yake ingeweza kuileta. Dawa ilikuwa salama, haikuonekana kuleta madhara makubwa. Lakini haikufupisha ugonjwa. Jibu lilikuwa hapana.

Angalieni na tarehe. Agosti 14, 2024, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya dunia nzima. Kesho yake, Agosti 15, matokeo haya yakatangazwa. Siku ambayo dunia ilikuwa inapapasa kutafuta dawa, jibu la Maniema na Sankuru lilikuwa: hii hapana, msimwage pesa zenu hapa. Baadaye mwaka huo huo, jaribio lingine lililofanywa katika nchi mbalimbali juu ya aina nyingine ya virusi hivyo lilipata jibu lile lile.

Kuna atakayesema: Mwalimu, miaka miwili ya kazi ili kupata hapana? Nami nitamjibu kwa kumrudisha nyuma, Kikwit, mwaka 1995.

Wakati ule Ebola ilikuwa inaua wanne katika kila watano. Profesa Jean-Jacques Muyembe, yule aliyefika Yambuku mwaka 1976 na kuchukua damu ya wagonjwa kabla dunia haijaujua ugonjwa huo kwa jina, aliwaza hivi: aliyepona, damu yake ina kinga, tumtilie mgonjwa damu hiyo. Wagonjwa 8 walitiliwa. Saba wakapona. Saba kwa wanane! Ingekuwa sokoni, tungekwisha kuimba. Lakini wenye kuuliza waliuliza: hao 8 walikuwa nani? Hawakupata uangalizi mzuri kuliko wa kwanza? Hawakuwa wameshavuka siku mbaya? Hapakuwa na kikapu, hapakuwa na kura, kwa hiyo hapakuwa na jibu. Swali likabaki bila jibu la hakika zaidi ya miaka 20.

Lilipata kikapu Kivu ya Kaskazini. Kuanzia Novemba 2018, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, huku risasi zikilia msituni, wagonjwa 681 wa Ebola waligawanywa kwa kura kati ya dawa nne. Moja, iliyoitwa ZMapp, ndiyo iliyokuwa na sifa kubwa, maana Wamarekani wawili waliopewa mwaka 2014 walipona na magazeti yakaijaza dunia. Nyingine, mAb114, ilikuwa imetolewa katika damu ya mtu aliyeokoka Kikwit mwaka ule wa 1995. Agosti 2019 wasimamizi wa usalama walisimamisha kura kabla ya wakati, kwa sababu jibu lilikuwa limeshaonekana: waliopewa ZMapp, karibu nusu walikufa, waliopewa mAb114, asilimia 35, na waliopewa dawa nyingine tena, REGN-EB3, asilimia 33.5. Wazo la Muyembe, kwamba kinga ya aliyepona inaweza kumsaidia mgonjwa, lilikuwa la kweli. Lakini lilikuwa la kweli miaka yote hiyo bila sisi kujua kwamba ni la kweli. Na ZMapp yenye sifa ilikuwa dhaifu, nalo tusingelijua.

Ndiyo ya Beni na hapana ya Tunda zimetoka katika kikapu kimoja. Ukiikubali ya kwanza, huwezi kuitupa ya pili. Mizani inayokubali kusema ndiyo tu si mizani, na ninyi wachimbaji mnaopimiwa madini ya kasiterite na wanunuzi mnalijua hilo kuliko mimi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo lililonileta.

Katika jaribio la Tunda na Kole, wagonjwa wote 597, wa dawa na wa vidonge vitupu, walilazwa hospitalini angalau siku 14. Walilishwa. Walipewa maji ya kutosha. Vidonda vilivyoingiwa na vijidudu vingine vilitibiwa. Waliangaliwa kila siku. Na katika pande zote mbili waliokufa walikuwa asilimia 1.7. Nchini kwetu, ukiwahesabu wagonjwa wote wa mpox, vifo vilivyoripotiwa ni asilimia 3.6 na zaidi. Tuiseme kwa watu: katika wagonjwa 1,000, huko nje wanakufa 36; mle ndani wangekufa 17. Kumi na tisa wanarudi nyumbani. Na hawakurudishwa na dawa, maana dawa haikutofautisha kitu.

Mmetikisa vichwa. Mnasema: basi kitanda na chakula ndivyo dawa. Nami natamani kusema hivyo kwa sauti. Lakini sikuwafundisha kikapu ili nikisahau baada ya dakika kumi. Je, waliolazwa Tunda na wale wa nje waligawanywa kwa kura? Hapana. Wa Tunda ni wale walioweza kufika Tunda. Mtoto aliyefia njiani mgongoni kwa mama yake hakuingia katika ile 1.7. Kwa hiyo kura ilithibitisha jambo moja tu, kwamba tecovirimat haikufupisha ugonjwa. Hili la pili, la matunzo, ni dalili yenye nguvu, bado si uthibitisho. Mwenye kupenda ukweli huliweka kila moja katika chungu chake, hata lile analolipenda.

Ila kuna tofauti kati ya dawa mpya na kitanda. Dawa mpya usiyoijua, ngoja uthibitisho. Je, mtoto mgonjwa kumpa maji, uji na mtu wa kumsafisha vidonda nako kungoje uthibitisho? Hatuwezi kupiga kura ili nusu ya watoto wanyimwe chakula tuone watakufa wangapi. Hapo dalili inatosha kutenda.

Najua swali lililo vinywani, maana nimeulizwa kwingine: tumefanywa panya wa Wazungu? Ni swali halali, na Afrika ina sababu za kuliuliza. Jibu langu liko katika mambo yanayoonekana. Mtafiti mkuu wa upande wa Kongo, Daktari Placide Mbala, ni mtu wa INRB, si mgeni. Ugonjwa uliojaribiwa ni wetu: mgonjwa wa kwanza wa binadamu kujulikana duniani alikuwa mtoto wa miezi 9 wa Basankusu, Equateur, mwaka 1970. Aliyepewa vidonge vitupu hakuachwa, alipata kitanda na uangalizi sawa na mwenzake. Panya haombwi ruhusa, mgonjwa huombwa. Dhuluma ambayo mimi ningeiogopa zaidi ni ile nyingine: kuletewa dawa ambayo nguvu yake ilijaribiwa kwa wanyama tu, tukaimeza miaka 20 kwa imani, na serikali ikainunua kwa deni, bila mtu kujali kama inatufaa.

Manung'uniko yangu yako mahali pengine. Jaribio linapofungwa, kitanda kinabaki, lakini uji unaondoka. Sote tunajua hospitali zetu zilivyo. Mgonjwa analishwa na ndugu. Mlinzi wa mgonjwa anapika nyuma ya jengo juu ya mafiga matatu, bugali na sombe kama ametoka na pesa, muhogo mkavu kama hana. Dawa ananunua mwenyewe. Akipona, huenda asiruhusiwe kutoka mpaka deni liishe. Ndiyo maana mama anamficha mtoto nyumbani mpaka vipele vimeoza, kisha ndipo anamleta. Ndani ya ile 1.7 mna kitu kisichoandikwa juu ya chupa yoyote: hakuna aliyeogopa bili.

Na sisi wa Punia, hili linatuhusu vipi? Naomba kila mwenye umri wa miaka 50 na zaidi akunje mkono wa shati. Hilo kovu la mviringo begani ni chanjo ya ndui ya zamani. Iliposimamishwa karibu mwaka 1980, watoto waliozaliwa baadaye walibaki wazi. Mwaka 2010 watafiti waliofanya kazi kwa majirani zetu wa Sankuru walionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa umeongezeka mara 20 kuliko miaka ya 1980, na kwamba wenye kovu hilo walikuwa na hatari ndogo mara tano. Tazameni vijana walioketi nyuma: mikono yao haina kovu hilo.

Halafu kuna msitu. Nyani amesingiziwa, ugonjwa ulipata jina lake kwa sababu virusi vilionekana mara ya kwanza mwaka 1958 kwa nyani wa maabara huko Copenhagen. Mwaka 1985, hapa nchini kwetu, virusi hivyo vilipatikana kwa kindi, na wanyama wadogo wa jamii ya panya na kindi ndio wanaoshukiwa zaidi kuvihifadhi. Watoto wetu wanawatega na kuwachuna kila siku.

Na kuna machimbo. Septemba 2023, Kamituga, mji wa dhahabu wa Kivu ya Kusini, kulianza kuonekana wagonjwa wengi ambao hawakuupata ugonjwa msituni. Wataalamu walipousoma uzi wa jeni wa virusi hivyo, walikuta alama zinazojitokeza virusi vinapopita mtu kwa mtu. Walikuta pia kipande cha uzi kimekatika, na kipande hicho ndicho ambacho kipimo kimoja kilichotumika kilikuwa kinakitafuta. Kwa hiyo kipimo hicho kilisema hakuna, na ugonjwa upo. Ilibidi kipimo kibadilishwe. Mchimbaji wa Kamituga na wa Punia ni mtu mmoja: anafuata jiwe. Leo yuko kule, mwezi ujao yuko hapa, na mwili wake ndio gari.

Dharura ya dunia ilifungwa Septemba 5, 2025. Dharura hufungwa Geneva. Ugonjwa haufungwi kwa karatasi. Kwa hiyo nawaomba wauguzi jambo ambalo halihitaji mfadhili. Daftari la kituo ni chombo cha utafiti kama darubini. Andikeni tarehe vipele vilipoanza, tarehe mgonjwa alipofika, alikula nini na nani alimlisha, na alivyoondoka. Vituo kumi vikiandika hivyo kwa mwaka mmoja, siku waheshimiwa wa Kindu na Kinshasa watakapotuambia hakuna pesa za kulisha wagonjwa, hatutawajibu kwa machozi. Tutawafungulia daftari.

Tunda ilituzalia tunda moja, na tunda hilo ni swali: kama kitanda, maji, chakula na kutoogopa bili vinaonekana kuokoa watu 19 katika kila 1,000, nani atavilipa wakati hakuna jaribio? Watafiti wamemaliza sehemu yao. Sehemu hii si ya maabara.

Nimemaliza. Haya 40 mwalimu mwenzangu ameyaomba kwa ajili ya darasa lake. Mfuko uliobaki sirudi nao. Mama mmoja hapo mlangoni amenikumbusha kwamba hospitalini leo kuna mtoto aliyelala na nyanya yake, wametoka mbali, na tangu asubuhi moshi haujaonekana kwenye mafiga yao. Tupitie huko.